Nivo ya Fundi

Sakafu ya chumba changu Mahagi-Port ni ya udongo ulioshindiliwa, nayo inateremka kuelekea Ziwa Albert kana kwamba ina hamu ya kuoga. Meza ilipoyumba, fundi alikata mguu mmoja. Ikayumba upande wa pili. Akakata mwingine. Kabla ya kukata wa tatu, akaomba nivo.

Nikamsahihisha, kwa kiburi cha mwanafunzi: pimamaji. Akauliza tunapima maji ya nini wakati ziwa liko pale.

Kamati iliyoanza kusanifisha Kiswahili mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Basi tunapopiga mstari mwekundu chini ya “nivo”, tunamhukumu fundi kwa kikao ambacho hakualikwa. Mtasema ni Kifaransa. Na “meza” je, si Kireno? Pimamaji nalipenda, lakini nivo iingie kamusini ikiwa na alama ya mahali, si ya kosa.

Siku hizi naandikia mkekani. Mama mkubwa amenipa kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakiyumbi popote. Meza ya namna hiyo fundi amekataa kuitengeneza.