Dizeli yashindwa kurudisha imani ya wanunuzi wa magari madogo Marekani

WAHENGA walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msemo huo unaeleza vizuri hali ya wanunuzi wa magari madogo nchini Marekani pale wanapotajiwa injini ya dizeli. Wameumwa mara mbili, kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na tena mwaka 2015, na kuwashawishi warudi imekuwa kazi ngumu.

Jambo hili linaweza kumshangaza mkulima au mfanyabiashara aliyezoea kuona dizeli ikiendesha trekta, lori, mashine ya kusaga na pampu ya maji. Injini ya dizeli haihitaji plagi ya kuwasha mafuta. Hubana hewa mpaka ikapata joto la kutosha kuyawasha, na kwa njia hiyo hufanya kazi kubwa zaidi kwa kila lita. Gari dogo la dizeli linaweza kutumia mafuta pungufu kwa takriban robo likilinganishwa na la petroli la ukubwa ule ule.

Sifa hiyo iliwavutia watu wa Ulaya Magharibi kiasi kwamba mwaka 2011 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya dizeli. Marekani, nchi ya barabara ndefu na watu wanaoendesha umbali mkubwa kila siku, ingetarajiwa kuwa soko kubwa zaidi. Haikuwa hivyo.

Nyoka wa kwanza

Soko la dizeli Marekani lilifunguliwa na shida. Mwaka 1973 na tena mwaka 1979 mafuta yalipanda bei na foleni zikawa ndefu vituoni. Wamarekani wakaanza kutafuta magari yasiyokunywa mafuta mengi, na mwaka 1981 magari ya dizeli yalifikia karibu asilimia 6 ya magari mapya. Mercedes-Benz na Volkswagen walikuwa na injini zilizojulikana kwa kudumu, ingawa zilikuwa na kelele, moshi na mwendo wa kujivuta.

Kampuni kubwa ya nyumbani, General Motors, nayo haikutaka kuachwa nyuma. Kuanzia magari ya mwaka 1978 ilileta injini ya dizeli ya lita 5.7 chini ya jina la Oldsmobile. Injini hiyo ilijengwa kutokana na muundo wa injini ya petroli. Ingawa bloku iliimarishwa, mpangilio wa bolti za silinda hedi ulibaki ule wa petroli, na mgandamizo wa dizeli ni mkubwa zaidi. Bolti zikashindwa na gasketi zikaungua. Isitoshe, magari hayo hayakufungwa kifaa cha kutenganisha maji na mafuta, hivyo dizeli chafu iliharibu pampu na nozeli. Mafundi wengi nao walikuwa hawajaizoea injini ya aina hiyo.

Wenye magari walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 uzalishaji ukasimama. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ghafi duniani ilianguka, sababu ya kununua dizeli ikapungua, na soko likabaki dogo mno. Kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba gari la dizeli linanuka, linapiga kelele na linakufa barabarani.

Hesabu ya kituoni

Hata kwa asiyekumbuka hayo, hesabu ya mfukoni haikuisaidia dizeli. Nchi nyingi za Ulaya zilitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli. Marekani ilifanya kinyume. Kodi ya serikali kuu ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli na senti 18.4 kwa galoni ya petroli. Aidha, tangu takriban mwaka 2004 bei ya dizeli vituoni imekuwa kwa kawaida juu ya ile ya petroli. Juni 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, galoni ya dizeli ilifika wastani wa dola 5.8 wakati petroli ilikuwa karibu dola 5.

Chukulia mfano wa mtu anayeendesha maili 12,000 kwa mwaka. Gari lake la petroli likienda maili 30 kwa galoni, atanunua galoni 400. Kwa dola 3 kila moja, atalipa dola 1,200. Gari la dizeli likienda maili 40 kwa galoni, litahitaji galoni 300. Kwa dola 3.60 kila moja, atalipa dola 1,080. Ameokoa dola 120 tu kwa mwaka. Ikiwa gari la dizeli lilimgharimu dola 2,000 zaidi dukani, itamchukua zaidi ya miaka 16 kurudisha fedha yake. Mfanyabiashara yeyote anajua kwamba biashara ya namna hiyo hailipi.

Nyoka wa pili

Pamoja na hayo, mwaka 2006 mlango ulifunguka upya. Serikali ya Marekani ilianza kudai dizeli ya barabarani iwe na salfa isiyozidi sehemu 15 kwa kila milioni, badala ya 500. Mafuta safi yaliruhusu matumizi ya vichujio vya masizi na mitambo mipya ya kusafisha moshi. Mojawapo ya mitambo hiyo hunyunyizia kwenye bomba la moshi mchanganyiko wa maji na urea, kemikali ile ile ambayo mkulima huijua kama mbolea, ili kupunguza gesi za oksidi za naitrojeni. Gesi hizo huchangia ukungu mchafu wa mijini na magonjwa ya kifua.

Volkswagen iliingia kwa kishindo ikitangaza "dizeli safi". Gari lake la Jetta TDI lilipewa tuzo ya Gari la Kijani la Mwaka 2009. Walionunua wengi wao walikuwa watu wanaojali mazingira, waliolipa zaidi kwa kuamini walichoambiwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia ndio waliofichua mambo. Badala ya kupima magari karakana tu, waliyafunga vipimo na kuyaendesha barabarani. Walikuta baadhi yakitoa gesi mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa, na matokeo hayo yakatolewa mwaka 2014. Septemba 18, 2015, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitangaza kwamba magari yapatayo 482,000 yalikuwa na programu inayotambua kuwa gari linapimwa. Likiwa kwenye vipimo lilisafisha moshi. Likitoka barabarani liliacha kufanya hivyo, na gesi ikafikia hadi mara 40 ya kiwango. Duniani kote yaliyohusika yalikuwa karibu milioni 11.

Siku chache baadaye mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu. Mwaka 2016 Volkswagen ilikubali makubaliano ya hadi dola bilioni 14.7, ikiwamo kuyanunua tena magari hayo na kuwalipa wenyewe fidia. Mwaka 2017 ilikiri makosa ya jinai na kutozwa dola bilioni 4.3 nyingine. Magari yaliyorudishwa yaliegeshwa kwa maelfu katika viwanja, ukiwamo uwanja wa michezo uliokuwa umeachwa karibu na Detroit.

Kejeli kubwa ni kwamba, chini ya makubaliano hayo, kampuni ilitakiwa kutumia dola bilioni 2 kuendeleza magari yasiyotoa moshi. Fedha hizo zilijenga vituo vya kuchajia magari ya umeme. Yaani dizeli ilimlipia mpinzani wake karo.

Nani amebaki na dizeli

Baada ya hapo wengine nao waliondoka. Volkswagen iliacha kuuza magari madogo ya dizeli Marekani, na Mercedes-Benz ikafuata. General Motors ilijaribu kwa Chevrolet Cruze ya dizeli, lakini gari hilo liliondolewa mwaka 2019. Hata Ulaya mambo yamebadilika, kwani mwaka 2024 dizeli ilikuwa takriban asilimia 12 tu ya magari mapya katika Umoja wa Ulaya.

Hata hivyo dizeli haijafa Marekani. Imerudi mahali penye kazi. Pikapu kubwa za Ford, Ram na Chevrolet bado zinauzwa na injini za dizeli kwa watu wanaovuta matela ya mifugo, mashine na nyasi. Malori ya masafa marefu na matrekta yanaitegemea, na mkulima wa huko hununua kwa ajili ya shambani dizeli iliyotiwa rangi nyekundu, isiyotozwa kodi ya barabara. Lakini hata huko imani imetikiswa. Mwaka 2024 kampuni ya Cummins ilikubali faini ya dola bilioni 1.675 kuhusu injini za mamia ya maelfu ya pikapu za Ram zilizodaiwa kufungwa vifaa vya kukwepa udhibiti wa moshi.

Kwa gari dogo, nafasi ya kuokoa mafuta imechukuliwa na magari yanayochanganya petroli na umeme. Toyota Camry, moja ya magari yanayouzwa sana Marekani, tangu toleo la mwaka 2025 inauzwa huko kwa mfumo huo pekee. Mnunuzi anapata unafuu ule ule aliouahidiwa na dizeli, bila kutafuta pampu yake kituoni, bila urea na bila kichujio cha masizi.

Kwa hali hiyo, matumaini ya dizeli kurudi katika magari ya familia nchini humo ni madogo. Si kwamba injini haifai. Inafaa, na wanaobeba mizigo wanalijua hilo. Lakini mteja aliyeuziwa mara ya kwanza injini isiyostahimili kazi, na mara ya pili cheti kisicho cha kweli, harudi dukani kwa sababu ya tangazo zuri. Mwenye duka la mbegu au pembejeo analifahamu hili bila kufika Marekani. Mfuko mmoja wa mbegu feki humfukuza mteja msimu mzima, na majirani zake pamoja naye.