“NISHATI HAIUMBWI”: JE, NENO HILI NI KUFURU?

Mzee mmoja katika wasomaji wetu ana mtoto wake chuo kikuu, mwaka wa pili, asomea uhandisi wa kemikali. Wakati wa likizo alimsikia akidurusu kwa sauti: “Nishati haiumbwi wala haiangamizwi.” Mzee akashituka, akamwambia, “Mwanangu, kwani aumbaye na aangamizaye ni nani? Iache elimu hii.” Kijana alinyamaza kwa adabu, lakini sasa moyo wake umegawanyika baina ya kumtii baba yake na kuendelea na masomo. Mzee atutaka tumwambie iliyo haki.

Ndugu yetu, ghera yako juu ya dini ni njema, na Mwenyezi Mungu akulipe kwayo. Lakini kabla ya kulihukumu neno, yapasa tujue limesemwa juu ya nini. Elimu hiyo yaitwa themodinamiki, nayo ni elimu ya joto na kazi. Mhandisi hukichukua chombo, akakiwekea mpaka, kisha akahesabu: nini kimeingia, nini kimetoka, na nini kimesalia ndani. Ni mfano wa daftari la duka. Hesabu isipolingana, mwenye duka hasemi kuwa fedha zimejifuta zenyewe; hujua pana mahali zilipovuja, au amekosea kuandika. Hiyo ndiyo maana ya kanuni ile.

Mmoja wa walioithibitisha ni Mwingereza James Joule, katika miaka ya 1840. Alining’iniza uzito, ukashuka ukizungusha makasia madogo ndani ya maji, na maji yakapata joto. Kwa hesabu ijulikanayo leo, ili kilo moja ya maji izidi joto digrii moja tu, yatakiwa kazi iliyo sawa na kilo moja kuanguka kutoka mita 427 hivi. Wala mtu huyo hakuwa mkanamungu. Katika mwaka wa 1843 aliandika kuwa nguvu hizi za maumbile hazipotei kwa kuwa ndivyo alivyoamuru Muumba.

Aliyesoma tawhidi katika vyuo vyetu ajua kuwa hukumu ni namna tatu: ya sheria, ya akili na ya ada. Moto kuunguza ni hukumu ya ada. Twauona hivyo kila siku, lakini si muhali kwa Mola kuugeuza, na kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) chatutosha kuwa ushahidi. Kanuni ya nishati imo katika mlango huo huo. Yasema kuwa hapana kiumbe, wala mtambo wa kiumbe, uwezao kuzusha nishati pasipo kitu. Basi neno hili halimvui Mwenyezi Mungu sifa ya kuumba. Lamvua mwanadamu dai la kuumba. Lililoleta wahka ni tafsiri. Lau lingesemwa, “haizuki wala haipotei, bali hugeuka namna,” pasingekuwa na ugomvi.

Kanuni ya pili humnyenyekesha mwanadamu zaidi. Mfaransa Sadi Carnot, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1824 akiwa na miaka 28, alibainisha kuwa mtambo wa joto una kikomo. Mvuke ukiwa na joto la digrii 500 za Selsiasi, na upande wa kupozea digrii 30, hata mtambo usio na ila hauwezi kugeuza kuwa kazi zaidi ya sehemu 61 hivi katika kila 100 za joto uliopokea. Mjerumani Rudolf Clausius ndiye aliyekipa kipimo cha jambo hili jina la entropi, mwaka wa 1865. Wako vijana wenye pupa wasemao kuwa entropi ndiyo dalili ya Kiyama. Tunawasihi waache. Sisi twaamini Kiyama kwa wahyi, na imani isifungwe kwenye hesabu ambazo wenyewe wazifanyao huzisahihisha kila zama.

Ama faida ya elimu hii, tazameni mbolea. Amonia hupatikana kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni. Joto likizidi, mavuno huwa haba. Likipungua, kazi huwa ya polepole mno. Ndipo wahandisi wakachagua kiasi cha digrii 400 hadi 500, pamoja na shinikizo kubwa. Kiwanda cha kwanza cha namna hiyo kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka wa 1913. Amonia hiyo hiyo ililisha mashamba, na katika Vita Kuu ya kwanza ikatengenezewa baruti. Je, si kheri mkono ulioshika elimu kama hiyo uwe mkono wa mcha Mungu? Imam Ghazali, katika Ihyaa, aliihesabu tiba na hisabu kuwa ni fardhi kifaya. Na haja ya umma kwa mbolea, sabuni, dawa na maji safi si ndogo leo.

Basi wazazi, msiwakatishe watoto njia kwa neno msilolifahamu. Waulizeni maana yake, nao wawaeleze kwa upole. Nanyi vijana, msitegemee kuhifadhi tu. Kuhifadhi ni kwa msahafu. Hesabu za mvuke hutaka mkono uandike, ukosee, urudie. Wala jedwali lisiwapitishe wakati wa sala, kwani mwenye kujua mipaka ya mitambo ndiye apasaye zaidi kujua mpaka wake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.