Handaki la Las Vegas: bei nafuu, usalama je?

Tangu 2021, kampuni ya Elon Musk, The Boring Company, inasafirisha abiria kwa magari ya umeme chini ya jumba la mikutano la Las Vegas, Marekani. Awamu ya kwanza iligharimu dola milioni 50 hivi. Unafuu huo unatokana na wembamba: kipenyo hakifiki mita 4. Feni na kamera zipo, lakini gari likishika moto, nafasi ya kukimbilia ni ndogo. Magari yaliyoahidiwa kujiendesha yalianza na madereva, ambao nao hulipwa.

Mwaka 2023, Nevada iliitoza kampuni faini baada ya wafanyakazi kuunguzwa na kemikali, kampuni ilipinga. Kongo, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inajua jambo hili: bei ikishuka, tuulize nani anabeba hatari.