Wazee Wasiwekwe Pembeni mwa Picha

Napiga picha za harusi na mazishi hapa Uru, na lenzi ninayoitetea kuliko zote ni ile pana sana ya milimita 14, isiyovuta. Kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, hakikupi nafasi ya kurudi nyuma: hatua mbili tu, mgongo umegusa mgomba, ya tatu, mguu uko mferejini. Kwenye kamera ya fremu kamili lenzi hii huona nyuzi 114 hivi. Unasimama karibu kabisa na pipa la mbege na bado unapata mibuni, mringaringa unaoipa kivuli, na ukoo mzima.

Lakini ina masharti. Anayekaa ukingoni mwa picha huvutwa: kichwa kinarefuka, bega linapanuka. Na pembeni ndiko babu na bibi huketishwa, vijana wakijaa katikati. Nimeona picha ya ukoo imechapishwa kubwa, imetundikwa sebuleni, na bibi mwenye nyumba hafanani na sura yake. Huko ni kumvunjia mzee heshima.

Kibo nacho, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kwa lenzi hii huonekana kilima tu nyuma ya maharusi. Anayetaka mlima apigwe kutoka mbali kwa lenzi ndefu.

Wapiga picha wenzangu, waketisheni wazee katikati, shikeni kamera usawa wa macho bila kuiinamisha, acheni kingo wazi. Nanyi wenye shughuli, ombeni kuiona picha kwenye kioo cha kamera kabla wazee hawajainuka.