CHAJI MOJA DAR MPAKA MOSHI? STAA WETU, HEBU TUHESHIMIANE

Leo sina habari ya nani kamwacha nani. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu Desemba, lazima nikiteme.

Kuna staa mmoja wa hapahapa mjini, jina kapuni. Mwishoni mwa mwaka alituwekea video kaegemea ndinga ya umeme, mlima Kilimanjaro nyuma yake, chini kaandika: "Chaji moja tu, Dar mpaka Moshi. Mafuta mtajua wenyewe." Laiki kama mvua. Siku mbili baadaye chawa wake mmoja akajisahau, akaposti picha za safari. Ndinga ileile, iko juu ya brekidauni, Mombo. Picha ikafutwa fasta, ila wenye macho tulishaona.

Mtasema kiki ni kiki, mwache ale mjini. Sawa, ningemwacha. Shida ni kwamba kuna mtu alimwamini.

Mwanangu mmoja anauza nguo Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kadunduliza miaka minne. Baada ya ile video akaenda yadi, akachukua Nissan Leaf iliyotumika Japani, betri ya kilowati-saa 40. Muuzaji akamwambia inatembea kilomita 400. Desemba 22 akapakia mke na watoto wawili, AC juu, haooo wanaenda Moshi kuhesabiwa. Wanafika Chalinze, kilomita mia na kidogo tu, betri inasoma asilimia 30.

Akatafuta gesti. Mwenye gesti akamuuliza, "Kijana, Luku yangu ina uniti kumi na mbili, hilo gari lako linakula ngapi?" Ikabidi anunue uniti kwanza, waya ukapitishwa dirishani. Soketi ya kawaida ya ukutani ikijitahidi sana inatoa kama kilowati 3, kwa hiyo ilichaji usiku kucha. Asubuhi gari limejaa, lakini Segera ni kama kilomita 170 mbele, na ya kufikia huko haina uhakika. Akaliacha gari gesti, akapanda basi na familia. Mabegi mapajani. Mke wake hakuongea mpaka Korogwe.

Sasa hiyo 400 imetoka wapi? Sikilizeni, hapa ndipo watu wanapopigwa. Leaf hiyohiyo ya 40, ikiwa mpya kabisa, kwa kipimo cha zamani cha Kijapani ni kilomita 400. Kwa kipimo kipya ni 322. Wamarekani walipoipima wao wakapata 243. Gari moja, namba tatu, na muuzaji anakuchagulia tamu kuliko zote. Halafu hiyo ni betri mpya. Iliyoshuka bandarini imeshatumika miaka, na betri za Leaf za aina hiyo hazipozwi kwa maji, joto linazichosha. Joto la Dar mnalijua. Ongeza mwendo wa hailwei, mzigo na AC, halafu niambie Moshi unafikaje, zaidi ya kilomita 500.

Najua kuna watakaosema nina wivu, napinga maendeleo. Mimi? Kwa mizunguko ya mjini gari la umeme ni jibu. Kariakoo mpaka Mbezi na kurudi halijafika hata nusu ya chaji, unalala linajaa. Kwenye foleni petroli inaungua umesimama, umeme unakula AC tu na vitaa. Mwanangu leo anasambazia wateja mzigo na Leaf yake na haongei tena na watu wa sheli. Gari halina kosa. Kosa ni la aliyemdanganya safari.

Na umeme wa safari ndefu tunao, kuanzia 2024. Pale Stesheni unapanda treni ya SGR mpaka Dodoma. Ile inavuta umeme kwenye waya juu, njia nzima, haihitaji kuomba soketi gesti. Gari linabeba umeme wake wote tumboni. Ndiyo maana swali la kwanza si linafika wapi. Swali ni likifika, linachajia wapi? Norway mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Serikali ililegeza kodi, na chaja zimesambaa barabarani. Huku kwetu mabasi yanasimama Chalinze, Korogwe, watu wanakula chipsi kuku. Hapo ndipo pa kuweka chaja kubwa, yenye laini yake nene, si waya wa dirishani.

Staa wetu, una sauti. Ungeposti ile brekidauni mwenyewe, ukauliza chaja ziko wapi, wenye hela zao wangesikia kabla ya sisi wengine. Ulichagua kutuonyesha mlima.

Na wewe unayetaka kununua, usitoe hata mia kabla hujawasha gari na kuhesabu vile vijiti vya pembeni vya uzima wa betri. Vikiwa vizima ni 12. Vikipungua, bei ishuke au uondoke.

Aliyewahi kutoka Dar na gari la umeme akavuka Segera bila brekidauni, adondoke kwenye komenti na atuambie alichajia wapi. Picha ya mlima hatutaki.