Jiwe ulilonunua lina mwenyewe

JICHO LA PWANI, na Zuhura Makame

Uingereza na Marekani kuna watu wanaonunua mawe kwa kilo. Si mawe ya kujengea, wala si tanzanaiti. Ni vipande vya mwamba wa bahari, vina matundu tele na harufu ya pwani maji yakiwa yametoka, vimefungwa kwenye magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi na kusafirishwa kwa ndege. Wafugaji wa samaki wa baharini wanayaita mawe hai, na hawakosei. Samaki wa tangini anakula na kujisaidia humo humo. Uchafu wake unatoa amonia, na amonia ikizidi inaua kila kitu. Ndani ya vitundu vya jiwe wamo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Hiyo ndiyo kazi anayoilipia mnunuzi.

Ila bahari haiuzi bakteria peke yao. Jiwe lililokaa majini miaka mingi linabeba minyoo, sponji, kaa wadogo, vijikonokono, na mayai ya viumbe ambao hakuna aliyewaona bado. Na mara nyingine, ndani kabisa, anakuwemo kamba vunjajungu, mikono ameikunja kifuani, kimya. Mwenye tangi akimgundua, nyumba nzima inaingia vitani.

Hoja yangu wiki hii itawaudhi wafugaji: huyo mnyama hana kosa, na anayestahili lawama ana risiti mfukoni.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Leicester na ana tangi kubwa sebuleni. Mke wake angependa pale pawe na televisheni, lakini hayo ni yao. Juzijuzi alinitumia ujumbe wa sauti usiku.

"Shikamoo shangazi. Hebu sikiliza hii."

Tak. Kimya. Tak, tak.

"Marahaba mwanangu. Mwite fundi bomba."

"Si bomba, shangazi. Ni ndani ya tangi. Na konokono wangu wanaisha."

Konokono hao alikuwa amewanunua wamlie mwani unaoota kwenye kioo. Sasa kila kukicha alikuta makombe yao mbele ya tundu moja la jiwe. Konokono aliyejifia anaacha kombe zima. Haya yalikuwa yamebomolewa kuanzia mdomoni, vipande vina kingo mpya, vimesukumwa nje ya mlango kwa mpangilio. Nilimwambia asihukumu haraka, maana yupo kamba mwingine mwenye gando moja kubwa ambalo akilifyatua linatoa mlio unaofanana na huo. Huyo wa pili ni jirani mwema. Wapo wanaogawana shimo na samaki mdogo anayewalindia mlango. Lakini mwenye gando haachi rundo la makombe barazani. Kijana akavizia usiku, tochi ameifunika karatasi nyekundu, na tunduni akakuta macho mawili juu ya vikonyo: moja linamtazama yeye, jingine linatazama pampu.

Macho hayo yameandikwa sana, na mengi yaliyoandikwa yametiwa chumvi. Ni kweli kwamba aina nyingi za kamba vunjajungu zina vipokezi vya rangi vya namna kumi na mbili, wakati sisi tunavyo vya namna tatu. Watu wakadhani basi anaona rangi tusizoweza hata kuziota. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kumjaribu, na ikaonekana anashindwa kutofautisha rangi zinazokaribiana ambazo wewe na mimi tunazitofautisha bila kufikiri. Yaelekea anazitambua upesi, bila kupoteza muda kuzilinganisha. Kwa mwindaji wa pangoni, upesi una faida zaidi.

Tuje kwenye mlio. Kuna kamba vunjajungu wa mkuki, anayekaa mchangani na kuwachoma samaki wanaopita, na kuna wa rungu, anayekaa mwambani na kuvunja vyenye gamba. Wa Leicester ni wa rungu. Misuli yake haina kasi ya kurusha pigo kwa nguvu zake yenyewe, kwa hiyo anafanya anachofanya mpiga upinde: anavuta polepole, kitasa kinashika, kipande cha gamba chenye umbo la tandiko kinapinda na kuhifadhi nguvu, kisha kitasa kinaachia. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha vipimo vya pigo hilo: hadi mita 23 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na ni ndani ya maji. Mwendo huo ni mkali kiasi kwamba maji yenyewe yanageuka mvuke mbele ya rungu na kufanya povu, na povu linapofunga linapiga pigo la pili. Konokono anapigwa mara mbili kwa mkono mmoja. Rungu lenyewe halipasuki kwa sababu nyuzi zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limezungushwa kidogo kuliko la chini yake, hata ufa ukianza unapotea njia.

Habari kama hizi zikimfikia mtu mwenye lita mia kadhaa za maji ya chumvi juu ya zulia, swali linakuwa moja tu: kioo je? Hapo kila mmoja anakutajia Tyson. Alikuwa kamba vunjajungu wa kituo cha maonyesho ya bahari mjini Great Yarmouth, Uingereza, na mwaka 1998 iliripotiwa kwamba alivunja kioo cha tangi chenye unene wa milimita sita hivi. Kisa hicho kimesafiri dunia nzima, na kila kinapofika kioo kimekuwa kinene zaidi. Tyson alikuwa mkubwa. Wengi wanaoingia majumbani ndani ya mawe ni wa sentimita chache, na kioo cha tangi kubwa la nyumbani ni kinene kuliko kile cha Great Yarmouth. Anayepaswa kuogopa ni konokono, kaa, na kidole chako.

Kidole, naam. Huku kwetu hilo halihitaji mhadhara. Kamba vunjajungu mwenye rangi za tausi, ambaye picha zake zimejaa mitandaoni, makazi yake yanaanzia pwani hii yetu ya Afrika Mashariki na kwenda hadi Guam. Akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza wakati wa bamvua wanatanguliza kijiti tunduni, kidole baadaye. Hawajui nani yumo, wanajua tu kwamba yumo mtu.

Mfugaji wa ng'ambo ana haraka. Kuna anayelimwagia jiwe maji ya moto. Kuna anayelitoa na kulianika likauke, akaua na bakteria aliowalipia. Kuna anayechukua sindano akaingiza vitu tunduni. Yote haya kwa mnyama aliyekuwa nyumbani kwake, jiwe likang'olewa naye yumo, likapandishwa ndege naye yumo, likatumbukizwa kwenye chumba chenye taa za zambarau naye yumo, kisha akaletewa konokono wanono mlangoni. Alichofanya ni kula. Kijana wangu aliniuliza kama adai fidia ya konokono kwa muuzaji. Nikamwambia ajaribu, ila kwanza asome kilichoandikwa kwenye risiti: jiwe hai.

Na kumtoa akiwa mzima si kazi ya kushinda mtu. Mtego wa chupa ya plastiki, shingo imekatwa na kugeuzwa kuelekea ndani, na kipande cha kamba mbichi kama chambo, unaweza kumnasa, ingawa akishauzoea huenda asiukaribie tena. Njia ya uhakika zaidi ni kulitambua jiwe lake, kulitoa, kulishika juu ya ndoo yenye maji ya tangi, na kumimina maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha kwenye tundu. Gesi inamkera, anatoka mwenyewe na kuangukia ndooni. Jiwe linarudishwa haraka na bakteria wengi wanabaki hai. Glavu nene ni lazima, hata akionekana mnyonge. Akiwa amejivua gamba karibuni anakuwa laini na hawezi kupigana, lakini watafiti wameona kwamba hata hapo anaweza kutoka mlangoni na kutisha kama kawaida, na mara nyingi anayetishwa anaondoka. Kwa hiyo usijipe moyo kwamba unajua lini anatania.

Leicester kazi hiyo ilifanyika jikoni, kwenye sinki, mke akiwa ameshika simu anarekodi. Alitoka kamba wa kijani asiyefikia urefu wa kidole, akaijaribu ndoo mara moja, tak, akatulia. Wamemwekea kitangi chake karibu na birika, na kipande cha mwamba cha kujichimbia. Mke, ambaye tangi kubwa hakuwahi kulitazama mara mbili, ndiye anayemlisha kwa koleo refu, na sasa anawaita majirani waje waone. Samaki wa sebuleni waligharimu pesa nyingi na kazi yao ni kuogelea kushoto na kulia. Sishangai amechagua upande.

Lakini kumhamishia jikoni hakumalizi neno, kwa sababu jiwe bado limetoka mahali. Florida waliona uharibifu wa kuyang'oa mawe hai baharini, wakapiga marufuku uvunaji huo miaka ya 1990. Siku hizi wakulima wa huko wanashusha mawe ya machimboni kwenye eneo walilokodi chini ya bahari na kuyaacha miaka kadhaa yaote uhai. Ni mpango mzuri, naupenda. Na kamba vunjajungu anahamia kwenye mawe hayo pia, kwa sababu yeye hasomi leseni. Fiji, iliyokuwa muuzaji mkubwa, nayo ilisitisha biashara hiyo mwishoni mwa muongo uliopita. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Haya nayasema kwa sauti kwa sababu matangi ya maji chumvi yameanza kuonekana kwenye hoteli na nyumba za watu hapa kwetu pia, na mtu mwenye bahari hatua chache kutoka getini anaweza kuona hakuna haja ya kununua anachoweza kukibandua kwa mtaimbo. Mwamba huo ndio unaovunja mawimbi yasile ufukwe wake. Aache.

Yapo mawe makavu, yaliyochimbwa nchi kavu au kutengenezwa kwa saruji, hayana mnyama wa aina yoyote. Unayapanga tangini, unatia bakteria wanaouzwa kwenye chupa, unapima amonia na nitriti, na unasubiri wiki kadhaa kabla ya kuleta samaki wa kwanza. Yanakaa meupe muda mrefu na yanachosha kutazama. Anayeona hilo ni gumu anunue mawe hai, na kwenye bajeti ya konokono aongeze.