Spektroskopia na Kisingizio cha Uhaba wa Maneno

Wapo wasomi washikiliao kwamba Kiswahili kiliumbwa kwa mashairi, hakikuumbwa kwa maabara. Basi na tuwashike kwenye spektroskopia, somo ambalo mwanafunzi wa sekondari huliogopa jina kabla ya kuonja maana yake.

Tia punje za chumvi ya kula katika mwali wa gesi: mwali utageuka manjano. Chumvi ya shaba hutoa kijani, ya potasiamu zambarau hafifu. Kwa nini? Joto huipandisha elektroni ya atomu daraja la juu; ikishuka, huirudisha nishati iliyoipokea kwa sura ya nuru. Na kwa kuwa kila elementi ina madaraja yake, ina na rangi zake. Manjano ya sodiamu ina urefu wa wimbi wa nanomita 589 hivi, iwe jikoni Tanga au katika nuru ya Jua, ambako huonekana kama mistari myeusi. Ni neno gani hapo lililokosekana?

Mwaka 1860, Bunsen na Kirchhoff wa Heidelberg, wakichunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim kwa mche wa kioo, waliona mistari ya buluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Jina hawakuwa nalo. Wakaazima neno la Kilatini la rangi ya mbingu, wakaiita sesiamu. Nasi je, samawati tuliitoa wapi kama si katika neno la Kiarabu la mbingu? Njia ni ile ile, tena sisi tulikwisha ipita.

(Wenzangu wanaoikataa "spektra" na kuibunia kirai cha maneno manne, nao wanipishe. Hata Waingereza waliiazima.)

Anayeumia ni mtoto. Huko Tanzania Bara, humaliza shule ya msingi ya serikali akisoma sayansi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikamgeuzia lugha. Hukariri sentensi ya Kiingereza kuhusu mwali wa sodiamu, akapata alama. Mwulize mbona shaba haitoi manjano, ananyamaza. Mwalimu mwenye huruma hufunga mlango akamweleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mwuza magendo. Mtoto huelewa. Basi watunga mitihani, mwulizeni kwa lugha hiyo hiyo aliyoelewa nayo.